Vipimo vya Nyumba, Kitongoni

Bwana Ruhwanya wa ofisi ya ardhi
amenishikisha ncha ya utepe: simama hapo, usitikisike.
Mbele, mita kumi na moja na nusu, baraza likiwemo.
Anaandika. Haandiki kwamba baraza limelika katikati,
pale walipozoea kukaa wadai.

Aliyeijenga alikuwa na pwani kichwani.
Songoro bin Feruzi, mchuuzi wa chumvi ya Uvinza,
alifika Bagamoyo mara moja, akaugua,
akalala mwezi mzima akitazama dari ya tajiri.
Basi hapa Ujiji, penye ziwa lisilo na matumbawe,
aliiagiza pwani kwa mdomo.
Boriti? Hakuna mikandaa, wakapasua michikichi.
Chokaa? Wakachoma makombe ya konokono wa ziwani
mpaka mtaa ukakohoa.
Sahani za kupamba shubaka hazikufika.
Akaweka vibuyu vya mawese.

Mlango tu ndio wa kweli:
mninga, mabamba mawili, mnyororo umechongwa pembeni,
na chini samaki. Fundi alichonga mgebuka,
maana samaki wa nakshi hakuwahi kumwona.

"Unene wa ukuta?"
Sentimita sitini na mbili.
Humo mna nyayo za waliokanyaga udongo,
nao hawakuja Ujiji kwa hiari.

Fomu ina mstari mmoja: *Mmiliki wa awali.*

Songoro alikufa kwa ndui, hana mtoto
ila aliyekuwa tumboni mwa Zafarani.
Zafarani: jina alilopewa njiani. Lile la kwao Manyema
hakulitamka tena, hata usingizini.
Ndiye aliyekisiliba chumba cha tatu
kabla ya kulazwa ndani yake.
Kadhi akasema, mama wa mtoto yu huru, na mtoto anarithi.
Usiku ule, kwa mara ya kwanza,
Zafarani alifunga mlango kwa ndani.

Halafu Mdachi: kodi ya nyumba, rupia tatu,
stakabadhi tunayo, mende wameila hadi kwenye muhuri.
Halafu Mbelgiji akafuga nyumbu ukumbini.
Halafu Valji, aliyeishika rehani miaka tisa,
akatoboa dirisha la duka, akaezua makuti, akapiga mabati,
kisha akairudisha kwa madebe mia ya mawese
na kikombe kimoja cha kahawa alichosema ni zawadi.
Serikali ilipotaifisha majumba, mthamini alikuja,
akagonga ukuta kwa kalamu, akacheka: haifiki laki.
Kudharauliwa kulituokoa.

Mwaka wa tisini na sita ua ulijaa watu wa ng'ambo.
Shangazi Mwavita hakuwadai kodi. Aliwauliza majina,
akayaandika kwa mkaa ukutani jikoni.
Mengine yapo. Mengine yameliwa na moshi.

Sasa binamu zangu wanataka tugawane.
Kuna mtu wa Arusha anautaka mlango peke yake,
milioni nne, na atatuwekea wa chuma.
Ziwa nalo, lililotukimbia tangu enzi za babu,
mwaka juzi lilirudi hadi kwenye michikichi ya jirani
kana kwamba nalo lina madai.

Chumba cha tatu. Tatu nukta nne kwa mbili nukta tisa.
Plasta imebanduka, na chini yake vidole vinne na gumba,
vimezama udongoni
kama vya mtu anayeizuia nyumba isimwangukie.
Nimeweka kiganja changu juu yake, kikauzidi mkono ule.
Alikuwa na miaka mingapi?

Bwana Ruhwanya anafungua kidau cha wino.
"Asiyejua kusaini aweke dole gumba."
Shangazi anajua kusaini;
amefundisha darasa la nne miaka thelathini.
Hata hivyo amechovya gumba, ameligandamiza,
ameliacha pale muda mrefu kuliko wino unavyohitaji.

"Na hapa juu," anauliza, "wa awali, niandike nani?"

Nje, mtu wa Arusha amepiga goti,
anampiga picha mgebuka.